Baada ya Kuanguka: Mazungumzo na Madereva na Abiria wa Bodaboda wa Likoni, Kisauni na Changamwe



Mazungumzo haya si ya kumfundisha mtu kuendesha pikipiki. Madereva wengi waliokaa hapa wamefunzwa na barabara zenyewe: malori ya makontena ya Changamwe, msongamano wa Kisauni, foleni ya feri kule Likoni. Haya ni mazungumzo ya jambo ambalo steji nyingi huliacha mpaka limetokea. Mtu ameanguka na yu hai. Afanyiwe nini?

Ajali ikitokea Mombasa watu hujaa papo hapo, na nia yao ni njema. Tatizo ni ile pupa. Majeruhi hushikwa mikono na miguu, hukunjwa kama gunia, akasukumwa ndani ya tuktuk. Aliyeumia shingo au uti wa mgongo anaweza kupooza kwa kuinuliwa huko, wala si kwa ile ajali. Kama hakuna moto na magari yamezuiwa, aachwe alipolala. Kijana mmoja mwenye fulana ya kuakisi asimame nyuma kuzuia magari, mwingine apige 999, 112 au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Helmeti isivuliwe kwa nguvu maadamu majeruhi anapumua vizuri. Panapotoka damu pabanwe kwa kitambaa safi, hata leso, na mkono usiachilie kila dakika kuchungulia kama damu imekoma.

Ikibidi kumbeba kwa sababu gari la wagonjwa halionekani, abebwe amelala chali juu ya ubao au mlango, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja, watu wanne au zaidi wakiinua kwa pamoja.

Mfupa uliotoboa ngozi una mambo yake. Haumwagiwi mafuta taa, hautiwi majivu wala kahawa, na haurudishwi ndani. Hufunikwa kwa kitambaa safi, mguu ukafungwa kwenye ubao ulivyo, na mgonjwa akapelekwa hospitali saa ile ile, kwa sababu dawa ya kuzuia vijidudu hufaa zaidi ikiwahi. Wapo wazee wanaojua kukanda viungo na watu huwaamini. Lakini kidonda kilichofika kwenye mfupa si kazi ya kukanda. Wapo waliopoteza mguu, na si gari lililowakata bali usaha wa wiki tatu nyumbani.

Anayehofiwa zaidi, ingawa hana damu hata tone, ni yule anayeinuka, akapangusa vumbi na kusema yuko sawa. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, au bandama ikawa imepasuka, na yeye akamalizia hata safari mbili za abiria. Kuumwa kichwa kunakozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, maneno kuchanganyika, tumbo kuuma na kuwa gumu: hizo ni dalili za kurudi hospitali usiku huo huo. Aliyegonga kichwa asilale peke yake chumbani usiku wa kwanza.

Likoni ina hospitali yake, na upande wa Changamwe ipo Port Reitz. Majeraha makubwa hupelekwa Hospitali Kuu ya Pwani, ile ambayo wenyeji wengi wanaiita Makadara. Katiba, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hayo ni ya dharura. Kulazwa baada ya hapo ni hesabu nyingine. Tangu Oktoba 2024 SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, wengi wamejiandikisha wakadhani wamemaliza. Kwa asiye na mwajiri, mchango hulipwa wa mwaka mzima, na aliyejiandikisha bila kulipa hugundua hilo akiwa kitandani.

Sasa mambo ya polisi, na hapa ndipo watu hupoteza haki yao kwa shilingi elfu mbili. Mwenye gari hushuka, huomba radhi, hutoa noti chache "tumalizane", na dereva wa bodaboda ambaye bado ana joto la mwili na hasikii maumivu hupokea. Kesho yake goti limevimba kama papai, na namba ya gari hakuna aliyeiandika. Sheria ya trafiki inamtaka dereva asimame, na ajali iripotiwe polisi ndani ya saa 24. Kinachotakiwa ni namba ya OB, kisha abstrakti ya polisi, na fomu ya P3 inayojazwa na daktari. Fomu hiyo haiuzwi. Picha za simu zipigwe kabla pikipiki haijasogezwa: namba ya gari, stika ya bima kwenye kioo, alama za breki barabarani.

Kuna tabia nyingine, na isemwe hapa hapa mbele ya wenyeviti. Gari likimgonga mwenzao, madereva huzingira na kiberiti hutoka. Gari likichomwa, ushahidi umechomwa. Aliyegonga hukimbia kuokoa roho yake, waliochoma wanatafutwa na polisi, na majeruhi aliyelala wodini ndiye anayekosa shahidi, maana hakuna atakayethubutu kusema kwamba alikuwepo.

Kuhusu bima, wengi wamekosea tangu siku ya kununua pikipiki. Stika ya mtu wa tatu, inayolazimishwa na sheria, hulinda wale ambao pikipiki imewaumiza. Haimlipi dereva aliyeanguka mwenyewe kwa kuteleza kwenye mchanga. Yeye huhitaji bima ya ajali binafsi, ambayo hununuliwa mbali. Akigongwa na gari lenye makosa, basi hudai kwa bima ya gari hilo. Naye abiria analindwa ikiwa pikipiki imekatiwa bima ya kubeba abiria kwa malipo. Ya matumizi binafsi ni rahisi kidogo, lakini siku ya madai kampuni huuliza abiria huyo alikuwa analipa au la.

Madai ya kuumia hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3. Muda huo huonekana mrefu, lakini hospitali moja, matanga mawili na kodi ya nyumba huumaliza. Katikati huja watu wasiojulikana wodini, wenye karatasi na kalamu, wakijua hata jina la mgonjwa. Mgonjwa aliyepewa dawa ya maumivu asitie sahihi wala kidole gumba. Asubiri ndugu anayejua kusoma, na wakili achaguliwe na familia. Hati ya kupokea malipo ya mwisho ikishatiwa sahihi, madai yamefungwa, hata kama mguu utahitaji chuma kingine mwaka ujao.

Nyumbani mambo ni mazito kwa namna nyingine. Pikipiki ina mkopo, au ni ya mtu anayetaka hesabu yake ya kila jioni. Mwenye mkopo aende kwa mkopeshaji wiki ya kwanza akiwa na barua ya hospitali, asingoje mpaka pikipiki ivutwe. Mazoezi ya viungo wengi huyaacha plasta ikitolewa, kwa sababu ya nauli, na goti hukaza. Aliyebaki na ulemavu wa kudumu apimwe hospitali ya serikali, asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Na anayeshtuka usiku kila asikiapo honi ya lori, au aliyerudi steji mikono ikamtetemeka kwenye usukani, si mwoga wala hajarogwa. Amwambie mhudumu wa afya, kwani hilo nalo lina tiba.

Abiria nao: dera, buibui na leso vikusanywe mapajani kabla pikipiki haijaondoka, maana gurudumu huvuta. Sheria inamtaka dereva abebe abiria mmoja tu na ampe helmeti. Wanaochukia helmeti iliyovaliwa na watu wengi wavae kitambaa chepesi ndani yake. Utafiti kutoka nchi nyingi umeonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69 na ya kufa kwa takriban asilimia 42.

Kila steji iwe na daftari moja, likae kwa mwenyekiti. Liandikwe jina la kila dereva, namba ya ndugu wa kupigiwa simu, dawa zinazomdhuru, namba ya bima na siku inapoisha.