Kazi na Masomo Ughaibuni

Maudhui yetu leo ni mwanafunzi afanyaye kazi ughaibuni. Mwaka 2023 wazazi wa kaunti ya Uasin Gishu nchini Kenya, waliokuwa wamelipa fedha katika mpango wa kaunti wa kupeleka vijana Finland na Kanada, waliandamana mjini Eldoret wakidai haki yao, ilhali baadhi ya vijana waliokwisha kuwasili Finland walikabiliwa na tishio la kufukuzwa vyuoni kwa sababu ya karo isiyofika.

Basi, karo ikikosekana hivyo, ifahamike kwamba viza ya masomo, ijapokuwa huruhusu kazi, haikukusudiwa kuwa njia ya kuchumia karo: Finland huruhusu wastani wa saa 30 kwa wiki, Kanada saa 24 nje ya chuo wakati wa muhula, na Uingereza, kwa mwanafunzi wa shahada, saa 20, naye avukaye kiasi hicho huhatarisha idhini yake ya ukaazi.

Kwa hiyo, mzazi, kabla hujauza shamba au ng'ombe wa maziwa, hakikisha barua ya chuo ni sahihi, lipa karo kwa chuo chenyewe, na uhifadhi stakabadhi.