Moto wa Kiangazi na Njia Tunazozifunga

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa chama



Halmashauri imeniomba niseme machache juu ya moto, na wakati wenyewe wafaa, kwa kuwa mvua za vuli zimekwisha na mbele yetu ni Januari na Februari, miezi ambayo mbao za nyumba zetu hukauka hata zikalia zikiguswa. Wanachama wetu wa Kibera na Kawangware wametoka pande nyingi za nchi hii, na si wachache waliozaliwa katika nchi kavu. Hao hawahitaji kufundishwa moto ni nini. Mtu wa Ukambani au wa Umasaini ajua tangu utotoni kwamba nyasi zikikauka, cheche moja ya mrina asali au ya mchoma makaa yaweza kuteketeza kilima kizima. Ajua pia dawa yake. Kabla ya kiangazi kushika, hufyeka ukanda mtupu kuizunguka boma na ghala, ili moto ukifika hapo ukose chakula. Walinzi wa misitu hufanya vivyo hivyo. Hata pale mlima wa Kenya ulipowaka Machi 2012, na Kilimanjaro Oktoba 2020, na nyika za juu za Aberdare Februari 2022, kazi kubwa ya watu waliopanda kuuzima ilikuwa kukata njia tupu mbele ya moto na kuupiga kwa matawi. Maji yako wapi juu ya mlima?

Nimeitaja Aberdare makusudi. Bwawa la Ndakaini, linaloinywesha sehemu kubwa ya Nairobi, hujazwa na mito ishukayo kutoka milima ile. Basi kiangazi kinapoikausha milima hutupiga sisi mara mbili: kwanza hukausha mbao zetu, kisha hupunguza maji, mgawo ukaanza, na bei ya mtungi wa lita 20 ikapanda. Usiku moto unapozuka, mitungi ya majirani ni mitupu. Kadhalika mabomba yetu mengi ni ya plastiki, yamelazwa juu ya ardhi kando ya mitaro; moto ukiyafikia huyeyuka, na yale maji machache yakamwagika bure.

Sasa nauliza, wazee wangu: ikiwa kule nyumbani twajua kufyeka ukanda kulizunguka ghala la mahindi, kwa nini hapa mjini, palipo na watoto wetu, ukanda huo twaujenga chumba?

Hilo ndilo neno nililokuja kulisema, na najua kwamba halitapendeza masikio yote. Wengi tulio ndani ya ukumbi huu ni wapangaji, lakini wengine ni wenye nyumba, na wazee wa heshima kubwa. Tazameni Kibera. Mahali pale palikuwa msitu, na ndiyo maana ya jina lenyewe katika lugha ya Wanubi, ambao askari wao wa KAR waliwekwa huko mwanzoni mwa karne ya ishirini. Nyumba zao za kwanza zilikuwa na nafasi, zenye shamba na miti. Baadaye watu waliongezeka, na vyumba vikaongezwa kwa ruhusa ya chifu, kimoja ubavuni mwa kingine, mpaka leo katika Gatwekera, Lindi na Laini Saba kuna vichochoro ambavyo watu wawili hawapishani bila mmoja kugeuka ubavu. Mapaa ya mabati yamelaliana. Moto ukiingia chini ya paa moja hauhitaji kutoka nje. Husafiri chini ya mabati kutoka chumba hata chumba, na upepo wa kaskazi huusukuma. Ukuta wa udongo huuchelewesha kidogo. Ukuta wa mbao au wa mabati juu ya boriti kavu hauucheleweshi hata kidogo.

Kawangware ni namna nyingine. Kule ardhi ni ya watu wenye hati, na ploti hujengwa kwa safu za vyumba vinavyotazamana, uani pakiwa pamoja, na lango ni moja tu kwenda barabarani. Usiku lango hilo hufungwa kwa kufuli kwa sababu ya wezi, na ufunguo hulala kwa mtu mmoja. Mtu huyo akiwa amesafiri, au amelewa (tusifichane), watu wote wa ua ule wamefungwa pamoja na moto. Dirisha lina vyuma. Kwa maoni yangu lango la namna hii ni hatari kuliko koroboi.

Juu ya chanzo cha moto sitakawia, maana kila mwaka twakumbushana: jiko la mafuta ya taa lililojazwa likiwa lingali linawaka, mshumaa wa mtoto asomaye, nyaya za sambaza zilizofungwa kwa karatasi za nailoni, mpira wa mtungi wa gesi uliochakaa. Nakumbusha mawili tu. Mafuta ya taa yakiwaka usiyamwagie maji, kwani yataelea na kuutandaza moto; mwagia mchanga, au funika kwa blanketi nzito iliyoloweshwa. Na gesi ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni. Ukiinusa, fungua mlango, wala usiwashe taa wala kiberiti ili uitafute.

Lakini hata tukiwa waangalifu wote, siku moja chumba kimoja kitawaka. Swali ni kama kitaungua hicho kimoja au mia. Usiku wa tarehe 28 Januari 2018, katikati ya kiangazi, mtaa wa Kijiji kule Lang'ata, jirani zetu kabisa, uliwaka. Watu kadhaa walikufa na maelfu walikosa makao kabla ya asubuhi. Soko la Toi liliteketezwa katika fujo za Januari 2008, na likaungua tena miaka iliyofuata. Kila mara huwalaumu watu wa zimamoto kwamba wamechelewa, na kuna vijana waliowahi kulirushia gari lao mawe. Sisemi kwamba hawachelewi. Nasema kwamba gari lile, hata likitoka kituoni dakika ile ile, litafika barabarani na kusimama, kwa sababu sisi wenyewe tumeijenga njia yake.

Kwa hiyo hutokea nini? Vijana wetu huchukua nyundo na mitaimbo na kubomoa nyumba zilizo mbele ya moto, ili upatikane ukanda mtupu. Ni kazi ya ushujaa, nami nawasifu. Ndivyo walivyofanya watu wa London mwaka 1666, mji wao wa mbao ulipowaka siku nne baada ya kiangazi kirefu. Walibomoa nyumba, hatimaye wakazilipua kwa baruti. Baada ya hapo sheria ikaamuru nyumba zijengwe kwa matofali na mawe, na njia kadhaa zikapanuliwa. Basi ukanda ule utapatikana tu, tupende tusipende. Ama tuuache sasa mchana kwa mashauriano, ama vijana waubomoe usiku wa manane, wakichagua nyumba ya nani kwa haraka na kwa macho yenye moshi.

Najua jibu la mwenye nyumba. Chumba kimoja ni kodi ya mwezi, na kodi ndiyo karo ya mtoto. Hoja hii si ndogo, na asiyekuwa na chumba asiidharau. Ndiyo sababu sipendi mzigo umwangukie mtu mmoja aliye mwisho wa safu. Naomba mkutano huu ukubali mambo matatu: kwamba mwanachama atakayeondoa chumba kilichoziba njia asaidiwe na mfuko wa chama kwa kodi ya miezi sita, kwamba hakuna mwanachama atakayejenga upya njiani baada ya moto, hata kama jirani asiye mwanachama amefanya hivyo, na kwamba katika kila ploti ya mwanachama kule Kawangware ufunguo wa pili utundikwe ndani ya ua, mahali panapojulikana hata na watoto.

Wapangaji nao wana sehemu yao. Moto huchukua kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, na kuvipata tena ni safari ndefu ya kwenda polisi na maofisini. Acheni nakala kwa ndugu aliye mtaa mwingine au nyumbani mashambani.

Halmashauri ikikubaliwa na mkutano, wanachama wanne wataanza kupima vichochoro Jumamosi ijayo, kuanzia Lindi. Kipimo ni hatua tatu za mtu mzima. Kamba yenyewe nimekwisha kuikata, na iko kwa Mwandishi wa chama.