KAZI YA KUPELEKA SAMANSI
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na viongozi wa matawi



Vijana wa matawi yetu huuliza habari za kazi ya kupeleka samansi za korti: huanzaje, nayo yataka nini. Tumeona vyema kuieleza mbele ya wote, kwa maana yatugusa hata sisi tusioifanya.

Samansi ni mwito wa korti. Mtu akishtakiwa kwa madai, haifai ahukumiwe kabla ya kuambiwa kwamba ameshtakiwa. Anayempelekea habari hiyo ndiye mpeleka samansi. Akisema uwongo, shauri lote limejengwa juu ya mchanga.

Fikirini mwenzetu aliyeshtakiwa kwa deni. Samansi haikumfikia, lakini mpeleka samansi ameapa kwamba alimpa mkononi. Siku za kujibu zapita, hukumu yatolewa bila yeye kuwapo, na habari ya kwanza anayoipata ni dalali mlangoni akiandika vitanda na viti. Au mfanyi kazi ameishtaki kampuni, na samansi ikaachwa kwa askari wa lango. Apata hukumu, afurahi. Kisha kampuni yaonyesha kortini kwamba haikupewa samansi kama sheria inavyotaka, na hukumu yafutwa. Mwenzetu arudi mwanzo, na miaka imepita.

Kanuni za Mashauri ya Madai za 2010, Agizo la 5, zasema nani aweza kukabidhiwa samansi: mtu aliyeidhinishwa na korti, wakili, au karani wake aliyekubaliwa na korti, polisi, au kampuni ya kupeleka barua yenye leseni, iliyokubaliwa na korti. Si kila mpita njia.

Anayetaka kazi hii aombe leseni kwa Msajili wa Mahakama Kuu. Leseni hufanywa upya kila mwaka. Ya mwaka jana haifai kitu. Ajitayarishe na cheti cha tabia njema kutoka polisi, na ajue kuandika sawasawa. Mahali pema pa kujifunza ni katika ofisi ya wakili, akiwa karani. Tena ayashike haya:

1. Mdaiwa apewe mwenyewe mkononi, iwezekanapo. Asipopatikana, apewe wakala wake mwenye idhini, au mtu mzima wa jamaa yake anayekaa naye. Mtoto hapana, jirani hapana.

2. Kampuni ikishtakiwa, apewe mkurugenzi, katibu wa kampuni au ofisa mkuu. Katibu wa kampuni si karani wa mapokezi. Hao wakikosekana, ndipo iachwe katika ofisi ya kampuni iliyoandikishwa, au itumwe kwa rejista.

3. Aliyepokea atie sahihi. Akikataa, usigombane naye, wala usimtilie sahihi. Mwachie nakala, uandike kwamba amekataa.

4. Tangu 2020 samansi yaweza kutumwa kwa barua pepe au kwa ujumbe wa simu kama WhatsApp. Ushahidi kwamba imefika utiwe pamoja na kiapo.

5. Katika hati ya kiapo andika saa, jinsi ulivyoipeleka, na jina na anwani ya aliyekuonyesha mdaiwa na kushuhudia.

Korti ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kanuni zake za 2024. Hizo nazo zisomwe.

Sasa twafika penye uzito. Korti huanza kwa kukiamini kiapo cha mpeleka samansi. Anayekikana ndiye apaswaye kuonyesha kwamba si kweli. Neno la mtu huyu mmoja laweza kumtoa mtu nyumbani mwake. Ndiyo sababu kuapa uwongo ni kosa lenye faini au kifungo, na korti yaweza kumwita na kumhoji kwa kiapo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Lakini tuseme kweli yote. Tajiri asiyetoa nauli ya kwenda Kitui, kisha akataka kiapo mezani kesho asubuhi, anauomba uwongo huo. Mpeleka samansi naye ni mfanyi kazi. Adai nauli yake na ujira wake kabla ya safari, na akiambiwa aandike asichokifanya, akatae. Asimame hapo, nasi tusimame naye.

Na wewe uletewaye samansi, usikimbie wala usiichane. Ukikataa kuipokea, sheria yaruhusu ibandikwe mlangoni pako, na shauri litaendelea. Ipokee, andika siku na saa, na uilete katika ofisi ya tawi siku hiyo hiyo, kwa maana siku za kujibu zahesabiwa. Nanyi askari wa lango, msipokee samansi ya kampuni. Mwonyesheni mpeleka samansi ofisi ya wakubwa.

Umoja ni nguvu.