Simba, Kabati, na Mtoto Aliyewauza Ndugu Zake

Somo: Mwanzo 45:1-15

 Natumaini mmeketi pamoja, baba, mama na watoto, kwa maana mazungumzo ya leo ni ya jamaa nzima.

Wazazi katika makanisa yetu huuliza mara kwa mara, hasa wakati wa likizo: Je, ni vyema Mkristo kuwapeleka watoto wake sinema? Wako wasemao hapana kabisa. Wako pia wanaowapa watoto fedha za tiketi waende peke yao, na wakirudi hawaulizwi neno. Mimi naona hawa wa pili wana hatari zaidi. Lakini sitaki kuzungumza juu ya sinema zote. Nataka tuitazame moja tu, iliyotengenezwa mwaka wa 2005 kutokana na kitabu cha C. S. Lewis kiitwacho The Lion, the Witch and the Wardrobe, yaani Simba, Mchawi na Kabati la Nguo. Hata leo jamaa nyingi huitazama, wengine baada ya kukisoma kitabu na wengine kabla.

Lewis alizaliwa Belfast mwaka wa 1898. Mama yake alikufa mwaka wa 1908, naye mtoto alikuwa hajatimiza miaka kumi. Alikua akawa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Oxford, mtu msomi sana ambaye kwa miaka mingi hakuamini kwamba yuko Mungu, na Kristo alimpata mwaka wa 1931, akiwa na umri wa miaka 32. Wakati wa vita, kuanzia mwaka wa 1941, alihubiri katika redio ya BBC, kama sisi tufanyavyo hapa, ila wasikilizaji wake walikuwa wakiishi katika hofu ya mabomu. Kitabu hiki cha watoto kilitoka mwaka wa 1950.

Hadithi yenyewe ni hii. Watoto wanne wa mama mmoja, Peter, Susan, Edmund na Lucy, wanaondolewa London kwa sababu ya mabomu, wakakae kwa mzee mmoja huko mashambani. Jambo hilo si la kubuni. Maelfu ya watoto wa Uingereza walihamishwa hivyo mwaka wa 1939, na Lewis mwenyewe aliwapokea wengine nyumbani kwake. Lucy, aliye mdogo kuliko wote, anaingia katika kabati la nguo na kutokea upande wa pili katika nchi ya Narnia, ambako theluji haiyeyuki na Krismasi haifiki kamwe, kwa kuwa nchi imeshikwa na Mchawi Mweupe. Mwenye nchi ni Simba, jina lake Aslan, nalo ni neno la Kituruki lenye maana hiyo hiyo, simba.

Najua mzee wa kanisa atasimama hapo na kusema, "Mchawi? Tuwapeleke watoto kumtazama mchawi?" Swali lake ni la haki. Kwetu uchawi si mchezo, na neno hilo limevunja nyumba nyingi. Lakini, mzee wangu, mtazame mchawi huyu vizuri. Hasifiwi popote. Ni mwongo, ni katili, na mwisho wake ni kushindwa. Mtoto akitoka pale hatatamani kuwa yeye.

Mimi ningependa mzee huyu atazame zaidi zile peremende. Edmund, mtoto wa tatu, anakutana na Mchawi akiwa peke yake katika theluji. Anaulizwa apenda kula nini, naye aomba peremende laini ya Kituruki, ile yenye kunyunyiziwa sukari, inayofanana kidogo na haluwa ya watu wa Pwani. Kwa peremende hizo, na ahadi kwamba atapewa zaidi, anakubali kuwaleta ndugu zake. Watoto wa siku hizi hucheka. Husema, "Kwa peremende tu?" Wazazi, waelezeni kwamba kitabu kilipotoka, peremende Uingereza ziligawiwa kwa kipimo. Kipimo hicho kilianza mwaka wa 1942, na, ukitoa miezi michache ya mwaka wa 1949, hakikuondolewa mpaka Februari mwaka wa 1953. Mtoto wa miaka minane wakati ule hakuwahi kuingia dukani akanunua peremende apendavyo. Shetani hamjaribu mtu kwa kitu asichokitaka. Na wana wa Yakobo walimwuza ndugu yao kwa vipande ishirini vya fedha, ambavyo, vikigawanywa kwa watu tisa au kumi, ni viwili viwili tu.

Sasa nisema juu ya sinema yenyewe. Lewis hakuipenda fikira ya kuonyesha hadithi zake kwa picha za watu walio hai. Katika barua ya mwaka wa 1959 alisema kwamba mtu kuvaa ngozi na kujifanya Aslan kungekuwa ni kufuru kwake. Redio aliikubali, nami nafurahi kwa hilo! Basi waliotengeneza picha ya mwaka wa 2005 hawakumvika mtu ngozi. Simba wao alifanywa kwa kompyuta, naye ana heshima yake. Kosa la picha hiyo, kwa maoni yangu, liko kwingine. Vita vya mwisho, ambavyo Lewis alivieleza kwa kurasa chache, vimefanywa virefu na vyenye kishindo, hata wavulana hutoka wakipigana kwa fimbo na kusahau habari nyingine. Tena wadogo sana wasiachwe peke yao Simba anapouawa juu ya Meza ya Mawe. Mshike mtoto wako mkono. Usimfunike macho, kwa sababu asipoona akifa hataelewa kwa nini Susan na Lucy wanafurahi asubuhi yake.

Lakini kuna mahali pamoja, katika kitabu na katika picha pia, ambapo nawaomba wazazi wasipitwe napo. Edmund ameokolewa kutoka mikononi mwa Mchawi. Kumekucha, na ndugu zake wanamwona akitembea na Aslan mbali kidogo. Maneno yao hayasikiki kwa mtu ye yote. Kisha Aslan anamleta kwa ndugu zake na kuwaambia kwamba hakuna haja ya kuzungumza naye juu ya yaliyopita. Basi. Hakuna mkutano wa ukoo wala hotuba ya mjomba, na Edmund halazimishwi kusimama mbele ya wageni aeleze alivyosaliti.

Je, nyumbani kwetu ni hivyo? Kijana alichukua fedha za karo akazitumia vibaya, akatubu, akasamehewa. Miaka mitatu baadaye sukari inapungua katika kopo, na kila jicho linamgeukia. Binti alirudi nyumbani na mtoto, akapokelewa, na kila mgeni ajaye anasimuliwa habari zake pale pale, naye akiandaa chai. Tunasema tumesamehe. Lakini tumeliweka kosa juu ya rafu, karibu na mkono.

Yusufu alijua jambo hili. Katika somo letu, kabla hajajitambulisha kwa ndugu zake, aliwaamuru Wamisri wote watoke nje. Habari ya kuuzwa kwake haikutajwa mbele ya watumishi. Hata hivyo wale ndugu hawakupona mara moja. Yakobo alikaa Misri miaka 17, na baada ya kuzikwa kwake wakaingiwa na hofu tena, wakidhani sasa Yusufu atalipiza. Yusufu aliposikia, alilia. Miaka 17 ya kula mkate wake, na bado hawajaamini!

Kwa hiyo, mama, baba, mkiisha kuitazama picha hiyo, msiwaulize watoto ni nani aliyekuwa na upanga mzuri. Waulizeni kwa nini Aslan aliongea na Edmund faraghani. Halafu kiko kisa kimoja katika kitabu, karibu na mwisho, sura ya 17. Edmund amejeruhiwa vitani na kupona. Lucy anamwuliza Susan kwa siri kama Edmund anajua Simba alilipa nini kwa ajili yake, maana alikufa mahali pake. Susan aona haifai aambiwe, kwa kuwa ni mzigo mzito mno kwa kijana kuubeba. Lucy aona afadhali aambiwe. Wanaitwa kabla ya kuafikiana, na mwandishi hasemi ni nani aliyekuwa na haki. Mimi nakubaliana na Lucy. Mama watoto wangu yuko upande wa Susan, na bado hatujamaliza. Nanyi mezani kwenu, anzeni kwa kumpa nafasi yule mdogo aseme kwanza.