Nyumba Iliyowekwa Rehani

Shukrani zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyezijaalia nyumba zetu ziwe mahali pa utulivu na sitara. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu mliohudhuria hapa Kitangari, nanyi mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni pamoja na kuiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Hotuba ya leo yahusu jambo ambalo watu hulidhani ni la mabenki na mahakama peke yake, hali limetajwa ndani ya Qur'ani Tukufu kwa jina lake. Jambo hilo ni rehani.

Miaka michache iliyopita aliniita mama mmoja wa upande wetu huu, akiwa bado ndani ya eda ya mumewe. Alimtuma mwanawe kunichukua. Nilipofika nikaonyeshwa karatasi iliyoletwa siku ile na watu waliomkopesha marehemu. Karatasi ilieleza kwamba nyumba anayokalia eda imewekwa rehani, deni halikulipwa, na kwamba wenye deni wanakusudia kuiuza. Chini yake palikuwa na alama ya dole gumba la yule mama. Alikumbuka kwamba kweli alipiga dole, lakini mumewe alimwambia kuwa karatasi ile ni ya kuandikishia pembejeo za korosho. Akaniuliza, "Sheikh, nyumba hii bado ni yetu, au tayari ni yao?"

Swali hilo ndilo lililonileta juu ya mimbari hii.

Neno rehani tumelipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kitu kushikwa na kuzuiliwa. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ameamrisha deni la muda liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Na aya inayofuata yataja rehani ya kukabidhiwa pale watu wanapokuwa safarini wasipate mwandishi. Na Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe aliweka rehani akiwa Madina. Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, amesimulia kwamba Mtume alinunua chakula kwa Myahudi kwa bei ya kulipa baadaye, akamwekea rehani deraya yake ya chuma. Na imepokewa kwamba alifariki dunia hali deraya ile ingali rehani kwa pishi thelathini za shayiri. Basi asitokee mtu akasema kwamba rehani yenyewe ni haramu. Deni laruhusiwa na dhamana yaruhusiwa.

Lakini fahamuni, ndugu zangu, kwamba rehani si bei. Mwenye kuweka rehani hakuuza. Kitu chabaki milki yake, na mazao yake ni yake. Mwenye kupokea rehani ana haki moja tu, nayo ni kulipwa deni lake kutokana na kitu hicho ikiwa mdaiwa ameshindwa. Kinachozidi deni hurejeshwa kwa mwenyewe. Hivi ndivyo wasemavyo wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi.

Sasa tuyatazame yanayotendeka katika uwanda wetu huu, kutoka Newala hadi Masasi. Huku rehani ijulikanayo zaidi si ya nyumba, bali ni ya mikorosho. Mtu amepatwa na ugonjwa, au ada ya shule, au msiba. Aenda kwa mwenye fedha, akopa shilingi 300,000, amwekea rehani mikorosho kumi. Mwenye fedha huingia shambani, huokota korosho msimu wa kwanza, huokota msimu wa pili, na deni liko pale pale, shilingi 300,000, halikupungua hata senti. Hebu tupige hesabu kwa mfano. Ikiwa kila mkorosho umetoa kilo kumi, na kilo ni shilingi 2,000, basi kila msimu amepata shilingi 200,000. Kwa misimu miwili amekula 400,000, naye bado anadai 300,000! Mwenye kutoa mkopo huo husali nasi safu ya mbele, na ukimwambia kwamba hiyo ni riba atakasirika, kwa kuwa yeye adhani riba ni ya benki tu.

Ni riba, ndugu zangu. Mafakihi wameweka kanuni kwamba mkopo ulioshurutishwa manufaa kwa mkopeshaji ni riba. Ikiwa mkopeshaji ndiye aliyepalilia na kununua salfa na kuipuliza, basi arejeshewe gharama zake kwa hesabu iliyoandikwa, na thamani ya korosho zilizobaki ipunguzwe katika deni. Akitaka faida, na awe mshirika wa shamba: wagawane mazao kwa fungu lililokubaliwa, na msimu ukiharibika hasara iwapate wote wawili. Tena kabla ya kuiweka mikorosho hiyo rehani, mtu ajiulize kwanza ni ya nani. Katika nchi yetu hii mume hupanda mikorosho katika ardhi ya ukoo wa mkewe, wajomba nao wana maneno yao. Na wengi wameweka rehani wasichokimiliki.

Wala msidhani kwamba balaa hili ni la bara peke yake. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba katika karne ya 19 walikuwa na mapatano yaliyoitwa bei ya khiyari. Mwenye shamba la mikarafuu humuuzia mwenye fedha kwa sharti la kulikomboa kwa bei ile ile, kisha hubaki shambani akimlipa mnunuzi kodi. Kwa jina ni bei, kwa hakika ni mkopo wenye nyongeza. Wako wanavyuoni walioruhusu namna ya mapatano hayo kwa ajili ya haja ya watu, na wako walioyakataa. Mimi nimo pamoja na waliokataa, maana mwisho wake ulionekana. Madeni yaliwazidi wenye mashamba hata mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatoa amri ya kuweka mipaka juu ya kuhamisha ardhi zao.

Sasa tuje kwenye mkopo wa nyumba wa benki, ambao vijana wetu, hasa walimu na watumishi wa serikali, wamekuwa wakiuulizia. Yafaa mtu aufahamu kabla ya kuusifu au kuulaani. Benki hukupa fedha za kununua au kujenga, nyumba huwa rehani, nawe hulipa kila mwezi kwa miaka mingi. Fedha unayolipa ina mafungu mawili: fungu moja ni riba ya mwezi ule, la pili ndilo lipunguzalo deni. Tuseme, kwa mfano tu, umekopa shilingi milioni 20 kwa miaka kumi, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka juu ya salio. Kila mwezi utalipa karibu shilingi 322,700. Mwezi wa kwanza, 250,000 katika hizo ni riba, na deni lako limepungua kwa 72,700 tu. Ukifika miaka mitano, nusu ya safari, umekwisha kulipa zaidi ya milioni 19. Mtu atadhani amekaribia kumaliza. Salio lako bado ni milioni 13 na nusu. Mwisho wa miaka kumi utakuwa umelipa milioni 38 na laki saba kwa nyumba ya milioni 20. Wanafunzi wetu wa hesabu na waifanye hesabu hii wenyewe majumbani, wawaonyeshe wazazi wao.

Nyongeza ile juu ya mkopo ndiyo riba iliyokatazwa, wala sina la kuipamba. Na licha ya uharamu wake, mkulima wa korosho ana hatari nyingine. Benki hudai kila mwezi, na mkorosho huzaa mara moja kwa mwaka. Bei nayo haina ahadi. Mnakumbuka msimu wa 2018: mwaka uliotangulia kilo ilipita shilingi 4,000 mnadani, kisha bei ikaanguka, wakulima wakakataa kuuza, hata Novemba mwaka ule Serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300, na wako waliongojea malipo yao kwa miezi. Aliyekuwa na deni la kila mwezi wakati ule alilipa kwa nini?

Narudi kwenye swali la yule mama. Nilimjibu kwamba nyumba bado ni yao, na katika hili sharia yetu na sheria ya nchi zasema neno moja. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 yaeleza kwamba rehani ni dhamana tu, wala haihamishi milki. Mkopeshaji hawezi kuja leo na kuuza kesho. Hana budi kutoa taarifa ya maandishi na kumpa mdaiwa siku sitini za kurekebisha kosa lake. Akiuza, alazimika kutafuta bei bora inayoweza kupatikana wakati ule, na ziada si mali yake. Na nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani bila ya ridhaa ya mwenzi. Ridhaa maana yake ni kujua na kukubali. Dole lililopatikana kwa uongo si ridhaa, na mume aliyelipata hivyo amemkhini mkewe katika amana.

Enyi waume, msikie vizuri. Mtu akitaka kuiweka nyumba rehani, na amkalishe mkewe, na watoto waliofikia umri wa kufahamu, karatasi isomwe kwa lugha waijuayo kuanzia mwanzo hata mwisho: deni ni kiasi gani, jumla ya malipo ni ngapi, faini ya kuchelewa ni ipi, mdaiwa akifa ni nani atakayedaiwa. Nakala ibaki nyumbani. Aya ya 282 niliyoitaja ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na habari yake ni kuandika deni. Sisi twaisoma kwa tajwidi nzuri, kisha twapiga dole gizani.

Mtauliza, je, iko njia ya halali? Iko. Tangu mwaka 2011 ilipofunguliwa Benki ya Amana, nchi yetu imekuwa na benki inayoendeshwa yote kwa misingi ya sharia, na baadhi ya benki nyingine zimefungua madirisha ya namna hiyo. Njia moja ni murabaha: benki huinunua nyumba kwanza, ikaimiliki, kisha hukuuzia kwa bei iliyo wazi, pamoja na faida iliyotajwa, ulipe kidogo kidogo, na bei haiongezeki ukichelewa. Njia nyingine ni ushirika unaopungua. Nyumba ya milioni 20, wewe umetoa nne na benki kumi na sita. Ninyi ni washirika. Hulipa kodi kwa fungu la benki unalolikalia, na kila mwaka hununua sehemu ya fungu lile, hata nyumba yote ikawa yako. Walakini usidanganyike na jina la Kiarabu. Uliza: nyumba ikiungua kabla sijamaliza, hasara ni ya nani? Mshirika wa kweli hubeba hasara kwa kadiri ya fungu lake. Akikwambia kwamba hasara yote ni yako, huyo ni mkopeshaji aliyevaa kanzu.

Na iko njia ya wazee wetu, ambayo vijana huionea haya: kujenga kidogo kidogo. Mwaka huu msingi, mwakani kuta, msimu ukiwa mwema bati. Nyumba hukaa miaka sita bila ya mlango na watu hucheka, lakini hakuna mwenye karatasi juu yake.

Ama aliyekwisha kopa, hata kama mkopo una riba, asijidanganye kwamba uharamu wa riba wamwondolea deni. Rasilimali ni haki ya watu, nayo yalipwa. Benki ya Nyumba iliyoanzishwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilifungwa mwaka 1995, na miongoni mwa yaliyoiangusha ni mikopo ambayo watu hawakuirejesha. Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari mbili asimsalie, mpaka Abu Qatada alipozichukua juu yake. Na urithi wetu haugawanywi ila baada ya deni na wasia. Wala wenye kudai wasisahau kwamba mdaiwa aliye katika dhiki hupewa muda. Hiyo ni amri ya aya ya 280.

Yule mama hakwenda mahakamani, ijapokuwa alikuwa na hoja. Alisema hataki mumewe alale kaburini na deni. Nilifuatana na wanawe wawili hadi kwa wale wenye kudai, tukasoma karatasi pamoja mstari kwa mstari, wakakubali kungojea msimu. Korosho za vijana wale zilikwenda kwenye chama cha msingi, malipo yalipoingia deni likalipwa, na hati ikarejeshwa nyumbani. Mama ndiye aliyeipokea, akaitia sandukuni, na ufunguo amekaa nao yeye.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yangu na yenu, na kwa Waislamu wote. Mwombeni maghufira.