Meza Iliyomo Katika Kompyuta



Nilipotoka shuleni hapa mwaka 1978 niliajiriwa masijala. Kazi yangu ilikuwa majalada. Kumbe kampuni ya Xerox, huko Marekani, ilikuwa ikiichora kazi hiyo hiyo: mwaka 1981 ilitoa Star, kompyuta yenye picha za meza, majalada na makabati katika kioo chake. Ndiyo sababu nilipoletewa kompyuta, mimi karani sikutishika.

Lakini mfano hukufikisha mlangoni tu. Nyinyi vijana hubonyeza kijipicha cha diski kuhifadhi kazi, na diski yenyewe wengi wenu hamjapata kuiona. Hilo halina madhara. Madhara ni haya: niliambiwa picha zangu ziko "winguni". Nikazifuta katika simu ili nipate nafasi. Zikafutika kote, pamoja na za marehemu mke wangu. Wingu halikuwapo. Zilikuwapo mashine ndani ya majengo ya watu, nazo zilitii amri yangu.

Sasa mfano mpya ni mtu: kompyuta inazungumza nasi kama karani. Lakini karani mwenzangu niliweza kumwuliza, "Jalada liko wapi? Nani kalichukua?" Huyu naye lazima aweze kujibu.

Vijana, baadhi yenu mtaziunda mashine hizi. Chagueni mifano mnayoipenda, ila pale mfano unapoachana na ukweli, wekeni onyo.