Mgeni Aliyewaponya Wenyeji: Kumkumbuka Mzee Adrian Atiman

(Hotuba iliyosomwa Tabora katika maadhimisho ya hekalu letu)



Tumezoea katika siku kama hii kuwakumbuka mabibi zetu, wale tuliowaita Ba. Wengi wenu mnawakumbuka. Waliamka kabla ya jua, wakasali mbele ya madhabahu ndogo ya nyumbani, kisha wakatia mseto wa choroko katika chombo na kumpelekea mgonjwa, awe wa mtaa wetu au wa mtaa wa pili. Hawakuwa na cheti cha uuguzi. Walijua kukanda, kunyamazisha mtoto mwenye homa, na kukaa kitandani pa mzazi hadi mkunga afike. Kazi hiyo tuliifundishwa kuiita seva, yaani utumishi usiodai malipo.

Mwaka huu tumeombwa tuseme habari za mtumishi wa wagonjwa ambaye hakuwa wa ukoo wetu wala wa dini yetu, lakini alipita katika njia ileile iliyowaleta wazee wetu. Jina lake ni Adrian Atiman, daktari wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika.

Kwanza tuikumbuke njia yenyewe. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, Tabora ilikuwa njia panda ya bara. Misafara iliyopanda kutoka Bagamoyo ilipumzika hapa, kisha ikagawanyika: mingine ikaelekea Ujiji, mingine Karagwe na Buganda, mingine Ufipa na kusini ya ziwa. Burton na Speke walipofika mwaka 1857, mahali palipoitwa Kazeh palikuwa na makazi ya wafanyabiashara Waarabu, na jina la Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi mwenye asili ya Surat, lilikuwa limekwisha kujulikana huku. Kwa hiyo tunaposema kwamba sisi watu wa Gujarat si wageni wa jana katika Unyanyembe, tunasema kweli.

Lakini kweli haikatwi nusu. Misafara ile haikutembea kwa miguu ya wapagazi peke yake. Ilitembea pia kwa mkopo. Vitambaa, shanga na nyaya za shaba vilitolewa Zanzibar na matajiri wa Kihindi kwa ahadi ya kulipwa pembe za ndovu. Forodha ya Zanzibar yenyewe, kwa miaka mingi ya karne ya 19, ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, Mhindu kama sisi. Na katika njia ile hazikupita pembe tu. Walipita watu wamefungwa minyororo. Hatulisemi hili ili kuwahukumu marehemu, kwa maana hukumu si yetu. Tunalisema kwa sababu bila hilo hatuwezi kuuelewa uzito wa maisha ya Mzee Atiman.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 katika nchi ya Mto Niger, karibu na Timbuktu, ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto mdogo alinyakuliwa na wauza watumwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko alikombolewa na Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, ambao jumuiya yao ilianzishwa na Kardinali Lavigerie. Kardinali huyo alikuwa na wazo lake: Waafrika vijana waliokombolewa wafundishwe utabibu, kisha wapelekwe kuwatibu Waafrika wenzao. Kwa ajili hiyo Atiman alipelekwa kisiwani Malta mwaka 1881, akasoma kwa miaka saba.

Mwaka 1888 alianza safari ya kuja huku. Kufika Zanzibar ni bahari. Kutoka pwani hadi ziwani ni miguu. Tafakarini, ndugu zetu. Mtu aliyeburutwa na msafara akiwa mtoto, sasa yumo tena katika msafara, safari hii kwa hiari yake, akiwa na elimu ya dawa kichwani. Mwaka 1889 alikuwa Karema. Mahali hapo palikuwa na boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa kwa wamisionari mwaka 1885, na pembezoni mwake walikusanyika watu waliokombolewa au waliokimbia wakamata watumwa. Wagonjwa wake wa mwanzo, basi, wengi wao walikuwa watu waliopatwa na yaleyale yaliyompata yeye.

Alioa mke mwenyeji wa nchi, na mwana wao akawa padre. Alitibu, alifundisha dini yake, akatibu tena. Dola ya Kijerumani ilikuja ikaondoka. Vita Kuu ya kwanza ilipita. Mwaka 1922 sheria ya Waingereza ilikomesha utumwa Tanganyika bara, naye alikuwa bado Karema. Vita ya pili ilipita. Mwaka 1946 masimulizi ya maisha yake, aliyoyasimulia mwenyewe, yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na baada ya hapo akarudi kwa wagonjwa wake. Alifariki mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka ipatayo 90. Hesabuni wenyewe: miaka 67 mahali pamoja.

Sisi ni watu wa hesabu, na hesabu hiyo imetunyamazisha. Katika biashara, mtu akifungua duka mahali pasipo na faida, baada ya miaka miwili au mitatu hufunga. Mzee huyu hakuwa na faida ya kumfunga Karema. Hakuwa na ukoo pale alipofika, wala lugha, wala shamba la urithi. Njia ya kuondoka ilikuwepo. Alibaki kwa sababu kila asubuhi palikuwa na mgonjwa.

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kawaida methali hiyo tunaitumia kwa mzaha, mgeni akifika na wenyeji wakapata kitoweo. Kwa Atiman imetimia kama ilivyo, neno kwa neno.

Tena lipo jambo lililotugusa sisi Wahindu zaidi. Katika mji wa Sumbawanga ipo hospitali iliyopewa jina lake, na watu wengi hulitamka na kuliandika Atman. Jina hilo ni la kwao, la Mto Niger, wala halina udugu na Kisanskriti. Lakini sikio la Mhindu haliwezi kulisikia bila kushtuka, kwa kuwa atman kwetu ni roho, ile iliyomo ndani ya kila kiumbe, isiyo na kabila wala rangi. Mabibi zetu hawakusoma falsafa, lakini walipompelekea jirani chakula cha mgonjwa walikuwa wakiliamini neno hilo kwa mikono yao.

Sasa tuseme linalotuhusu leo. Tumebaki wachache. Baada ya sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majumba ya kupangisha, jamaa wengi waliondoka nchini, na vijana wetu wa sasa wanaondoka kwenda Dar es Salaam au ng'ambo. Hatuwalaumu. Kila kizazi kina msafara wake. Lakini katika kila mkutano huulizwa swali lilelile kwa sauti ya chini: tunabakia Tabora kwa nini? Wengine hujibu kwamba tunalinda majengo na hekalu. Jibu hilo ni jema, ila halitoshi, kwa sababu hekalu lisilo na majirani wanaolihitaji ni ghala la sanamu.

Wapo wa kwetu waliolijibu vizuri. Sewa Haji Paroo, Mwismailia, alitajirika kwa kuipatia misafara ya njia hiihii mizigo na wapagazi. Kabla ya kufariki mwaka 1897 alitoa mali yake kwa shule ya Bagamoyo, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokewe, na kwa hospitali ya Dar es Salaam. Muhimbili leo bado wagonjwa hulazwa katika jengo la Sewahaji. Mmoja alitoa mali, mwingine alitoa miaka. Njia iliyobeba minyororo ilibeba pia watu hawa wawili, na ni juu yetu kuchagua sisi tu wazao wa mzigo upi.

Kwa hiyo tunaleta pendekezo mbele ya mkutano huu. Sadaka ya maadhimisho ya mwaka huu isiishie kwenye taa na rangi za kuta. Sehemu yake ipelekwe Hospitali ya Kitete, katika wodi ya wazazi, kwa mashuka, mabeseni na chakula cha mama asiye na ndugu mjini. Na fedha zisiende peke yake. Kila familia ichague siku moja katika mwezi ya kwenda kuketi na wagonjwa, kama walivyoketi kina Ba. Vijana wenye afya wachangie damu. Majirani zetu Waislamu na Wakristo wakipenda kuambatana nasi, mlango uko wazi, na jikoni mseto upo wa kutosha.

Mzee Atiman hakuacha duka, wala ghorofa, wala shamba. Aliacha watu wazima waliopona wakiwa watoto. Mwenyezi Mungu amrehemu yeye, na awarehemu mabibi zetu. Om shanti.